Mama Mkwe Ndani ya Mashua

Baba wa mchumba wako akikualika kwenda kuvua, hujiulizi kama unajua kuvua. Unavaa buti, unakwenda. Ndivyo alivyofanya Merdi, yeye ambaye samaki wote wa maisha yake aliwakamata sahanini. Alitoka Likasi na rafiki yake Jimmy, fundi wa simu na bingwa wa kucheka wenzake, na jioni wakafika Kapolowe, ukingoni mwa ziwa la Tshangalele. Papa Barthélemy, baba yake Noëlla mchumba wa Merdi, alikuwa amekwisha kutia mafuta kwenye mota ya mashua.

Na katikati ya mashua, juu ya bidoni tupu la mafuta, vitenge vitatu mwilini kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita, alikuwa ameketi Mama Angèle. Mama mkwe mwenyewe.

"Merdi," Jimmy akanong'ona, "kifo yako imefika. Na imevaa kofia ya sufu."

"Shiye tulikuwa twende banaume tu," Papa Barthélemy akajitetea kwa sauti ndogo. "Mais mama anasema mara ya mwisho nilirudisha harufu ya pombe ya lutuku, samaki hapana."

Sasa ujue mambo ya ukoo wa Noëlla. Mkwe hamgusi mama mkwe, hasemi naye ana kwa ana, na zaidi ya yote hali kitu mbele yake mpaka siku mama huyo atakapompikia kuku wa kumfungua kinywa. Kuku wa Merdi alipangwa mwezi wa saba, ndoa mwezi wa nane. Mchumba wa binamu yake Noëlla alijisahau akauma mkate mbele ya mama mkwe, ndoa ikasogezwa mwaka mzima. Kwa mkate! Nyumbani angalau unakimbilia uani. Ziwani utakimbilia wapi, kwa kambale?

Merdi akakaa mbele kabisa, mgongo kwa watu, ndoano majini. Walipofika mbali, mota ikazimwa, taa ikawashwa, na Mama Angèle akafunua sufuria. Bukari, ule ugali wa kwao, ya moto, na sombe ya majani ya muhogo. Harufu ikamfuata Merdi mpaka huko mbele, ikamkalia puani.

"Mama, hii sombe iko bon!" Jimmy akasema kwa nguvu. "Pole, Merdi. Weye uko na mgongo muzuri."

"Jimmy," akasema Mama Angèle, "uambie ule muntu wa mbele afunge koti, baridi itamuua."

"Jimmy," akasema Merdi, "umuambie mama aksanti."

Kati yao palikuwa na urefu wa mkono tu, lakini kila neno lilipitia kwa Jimmy kama mzigo unaopitia mpakani, na Jimmy alijilipa ushuru wa tonge kila safari. Tumbo la Merdi likanguruma hata Papa Barthélemy akageuka kuangalia mota.

Ghafla mshipi ukavutwa. Ukavutwa tena, kwa hasira. Merdi akasahau kila kitu, akasimama. Mashua ikalala upande.

"Jimmy, umuambie akae!" akapiga kelele Mama Angèle.

Jimmy alikuwa na bukari kinywani. Ujumbe haukupita. Merdi akaenda na mshipi wake, kichwa mbele, na angeingia ziwani kama jiwe kama Mama Angèle asingeruka na kumkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Akamvuta ndani, kambale mkubwa akafuata.

Jimmy akameza.

"Merdi, mama anasema ukae."

Hakuna aliyecheka. Merdi aliona mwezi wa nane ukizama taratibu. "Mama, munisamehe, minye..." Kumbe amesema naye moja kwa moja! Akajiziba mdomo.

Mama Angèle alikuwa bado ameshika ule mkanda. "Barthélemy, nani alishika mwenzake hapa?"

"Ni weye."

"Na kwetu, mama mwenye kumushika mukwe analipa nini?"

"Kuku ya kumufungua kinywa," akajibu Papa Barthélemy. "Mais kuku iko wapi katikati ya mayi?"

Mama Angèle akamtazama kambale aliyekuwa akijipigapiga miguuni mwao. "Hii iko na ndevu, lakini itatosha. Tumbo ya huyu mutoto inatufukuzia samaki."

Akachochea makaa kwenye mbabula aliyokuja nayo ya kuota moto, akamchoma kambale. Kipande cha kwanza alimtia Merdi kinywani kwa mkono wake mwenyewe, Papa Barthélemy akishuhudia, kofia kifuani kama yuko kanisani.

"Kula, mwanangu."

Merdi akala. Alikula mbavu, akala mkia, akafuta sufuria ya sombe kwa tonge.

"Mama, na mwezi wa nane?" akauliza, mashavu yamejaa.

"Mwezi wa nane iko palepale. Umeze kwanza."

Jimmy akabaki anawatazama, mtu aliyefukuzwa kazi bila barua.