Dirisha la Banda la Mzee Yunusi

Kifuniko cha birika kiligonga mara moja, kikanyamaza. Nilijua ni Mzee Yunusi, jirani yetu hapo Mlabani, anatawadha kabla ya swala ya alfajiri. Nami nilikuwa macho, kifurushi changu kimeshafungwa. Jana yake kaka yangu Hilari alituma ujumbe kutoka Kiberege: mama hajala siku ya tatu, na anamwita Natalia, ndiye mimi.

Malori yalikuwa hayajaanza kupita. Barabara ndiyo kwanza ilikuwa inakauka baada ya masika ya mwaka hamsini na sita. Mzee Yunusi alipopata habari hakungoja nimwombe.

"Nitakupeleka mwenyewe, mama Digna," alisema.

Gari lake lilikuwa dogo, jeusi, la mviringo kama kobe, na lilikuwa limelala bandani tangu mwezi wa tatu. Kulipokucha tulilisukuma hadi nje. Akaliwasha, injini ikaitika vizuri. Akakanyaga klachi, akasukuma gia. Chuma kilisaga hata kuku wakakimbia.

"Unachinja nini humo, baba?" mkewe, Bi Kadija, aliuliza kutoka jikoni.

Alijaribu tena, ikawa vilevile. Akazima.

"Klachi," alisema kwa sauti ndogo. "Mafundi wa malori huteremsha gia boksi nzima. Siku mbili, tatu."

Nilikaa juu ya kifurushi changu. Siku mbili mama yangu hakuwa nazo. Bi Kadija alinitazama, akaacha uji wake mekoni, akajifunga khanga na kwenda kumwita Melkiori, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga.

Melkiori alikuja akipangusa pumba mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeua gari, mwanangu."

"Tusichimbe kaburi kwanza. Injini ikiwa imezimwa, gia inaingia?"

Ikajaribiwa. Iliingia laini kabisa.

"Basi gia ni nzima. Klachi kazi yake ni kushika injini na kuiachia. Hii inashika, haitaki kuachia. Tuitafutie sababu." Akatandika gunia, akajilaza chini ya gari. "Mama Digna, kaa kwenye usukani."

"Mimi?"

"Una miguu miwili. Kanyaga hicho kikanyagio cha kushoto. Achia. Kanyaga polepole."

Sikuwa nimewahi kushika usukani maishani. Nilikanyaga kama ninayekanyaga yai, naye hakunicheka hata kidogo.

"Fimbo ya klachi inatembea yote," alisema akitoka chini. "Mguu unafika, fimbo inafika. Kosa liko ndani."

Nilidhani sasa atatoa spana. Badala yake aliingia bandani, akapapasa ukuta, akanusa. Akainama, akaokota punje ya mpunga iliyokuwa imeota.

"Mzee, humu kulikaa mpunga mbichi?"

Mpunga ule ulikuwa wangu. Maji yalipofika shambani kwangu nilivuna haraka haraka, na Mzee Yunusi akaniambia niweke kwake. Magunia kumi na moja yenye maji niliyapanga kulizunguka gari lake, nikafunga mlango kwa kuogopa panya. Mpunga mbichi hutoa joto na jasho. Mkulima gani wa bonde hili hajui hilo? Nilifungua mdomo niseme, lakini Mzee Yunusi akaniwahi.

"Ni mimi. Niliacha dirisha wazi, mvua ikaingia."

Banda lile halikuwa na dirisha.

Melkiori alizitazama kuta zote nne, moja baada ya nyingine. Akanitazama mimi. Kisha akaiacha punje ianguke.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Dirisha baya sana hilo."

Akatueleza kwamba unyevu umetia kutu, na sahani ya klachi imegandamana na gurudumu zito la injini. "Haijafa, imenasa. Tusiibomoe kabla hatujaiomba."

Akaiacha injini iungurume hadi boneti ikawa haishikiki kwa moto, kisha akaizima. Tukaligeuza gari lielekee barabara iliyonyooka, watu wakaambiwa wakae mbali. Melkiori akaingia garini, akaingiza gia ya pili, akakanyaga klachi hadi mwisho, akawasha. Gari liliruka likaenda lenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Mguu wa klachi hakuuondoa. Mafuta akawa anatia, anaachia, anatia, anaachia, na gari linainama na kuinuka. Likapita nyumba ya mwisho, likapotea. Tulibaki na ule mngurumo tu, juu, chini, juu, chini. Bi Kadija alinishika mkono.

Kikasikika kishindo kimoja, tak! Kisha kimya. Kisha injini ikasikika tena, gia haikusaga, na gari likaturudia kinyumenyume, taratibu, kama linaona aibu.

"Imeachia," alisema Melkiori. Akafunga mashine yake siku ile, akafuatana nasi, klachi isije ikagoma njiani.

Tulifika Kiberege adhuhuri. Mama alikuwa mkekani, mwembamba, lakini macho yake yalinijua. Nilimlisha uji, akameza vijiko vitano. Akauliza nani kanileta. Nilimnong'oneza yote, magunia na dirisha. Akacheka hadi akakohoa.

Kisha akageuzia uso mlangoni, walikokaa wageni wangu wawili.

"Mzee Yunusi," aliita, "rudi tena kunitazama. Uje na fundi wako. Nyumba hii ina madirisha mawili, na yote nitakuachia wazi."