Anayetafuna Bila Njaa

Je, umewahi kumwona mtu anayetafuna na hana njaa? Haonji, hafurahii, hata hajui kama kilichomo mdomoni kina chumvi. Taya zinakwenda tu kama mkasi usio na kitambaa, na macho yako mlangoni kuangalia nani anaingia. Hivyo ndivyo alivyokuwa Kufuli wiki ile ya mechi kubwa. Mfuko mmoja wa koti lake la mazoezi ulijaa karanga, mwingine ulijaa chingamu, na mkononi alishika chupa ya maji ambayo hakuiacha hata alipokwenda chooni.

Kufuli hakuwa mlafi. Alikuwa kipa wa timu ya wanawake, msichana mrefu, mwembamba, mwenye vidole kama fito, na jina hilo alipewa kwa sababu mpira haukuwa ukipita kwake kirahisi. Kipa wa akiba wakamwita Komeo, maana komeo nalo hufunga mlango, ila hakuna anayelikumbuka mpaka kufuli lipotee. Komeo mwenyewe alikuwa akisema benchi lile limeshachukua umbo lake, akistaafu atalibeba aende nalo nyumbani.

Mambo yalianza Jumatano mazoezini. Ilipigwa kona, Kufuli akaruka, mpira akaudaka, lakini wakati wa kutua upande wa kichwa chake ukakutana na nguzo ya goli. Wenzake waliusikia mlio, kama mtu aliyebisha hodi kwenye bati. Alilala kidogo, akainuka, akacheka. Kocha alipomuuliza kama ameumia, alimjibu aiulize nguzo kwanza. Wakacheka wote na mazoezi yakaendelea. Hakuna aliyejua kwamba alipoinuka aliona magoli mawili upande wa pili wa uwanja, wala kwamba hakukumbuka kabisa kama ule mpira aliudaka au ulimpita.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa kuchagua wachezaji wa timu ya taifa. Safari iliyopita walikuja akiwa ameteguka kifundo cha mguu. Alikaa jukwaani, mguu ndani ya ndoo ya barafu, akaitazama bahati yake ikipanda gari na kuondoka. Aliapa siku ile kwamba haitamkuta tena amekaa.

Kilichomsumbua ni muuguzi wa timu. Huyu alikuwa mama mfupi, mtaratibu, mwenye miwani ya kamba, na wachezaji walimwita Bi Tema. Mwanzoni mwa msimu alikuja na boksi la vichupa akawaeleza kwamba kuna kipimo kipya kinajaribiwa. Kichwa kikigongwa vibaya, ubongo hutikisika ndani ya fuvu kama kiini cha yai, na mwilini hutokea mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyaoni, lakini baadhi yake huacha dalili kwenye mate. Basi kila mchezaji ateme akiwa mzima, mate yahifadhiwe, na siku akigongwa ateme tena, wataalamu walinganishe. Aliwaambia wazi kwamba kipimo bado kiko kwenye majaribio na hakiamui peke yake, ni jicho moja zaidi la kumsaidia daktari. Wasichana walitema huku wakicheka na kusukumana. Komeo aliuliza kama na wivu nao unaonekana kwenye mate, maana yeye angejaza ndoo.

Sharti lilikuwa moja. Mtu asile wala asinywe kitu kwa nusu saa kabla ya kutema, kwa sababu chakula huyachafua mate. Hapo ndipo Kufuli alipopata upenyo wake.

Alhamisi Bi Tema, aliyekuwa ameshasikia habari za nguzo, alimwita chumbani kwake kule uwanjani, chumba chenye kitanda kimoja, mzani na dirisha lisilo na pazia. Kufuli alikaa akiligeuzia dirisha mgongo, maana mwanga ulikuwa ukimchoma macho. Kwanza alipimwa kwa maneno. Muuguzi husoma maneno matano, mchezaji huyarudia, ionekane kama kumbukumbu iko sawa. Sasa wachezaji walikuwa wameshayakariri siku nyingi, wakiyaimba bafuni kwa makofi. Bi Tema akaanza: kiti, mvua, ndizi, mlango. Kufuli akamalizia sabuni kabla haijasomwa.

Bi Tema alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi yake, taratibu, kioo hiki na kile.

"Mwanangu," alisema, "maneno yanakaririka. Mate hayakaririki. Shika kichupa."

Kufuli alisema ametoka kula karanga sasa hivi. Akaambiwa haya, akae nusu saa bila kutia kitu kinywani, kisha arudi. Aliporudi alikuwa anatafuna chingamu. Alijitetea kwamba amesahau, na jambo lililomtisha yeye mwenyewe ni kwamba mara hiyo hakuwa akidanganya. Alikuwa amesahau kweli.

Kocha alipopata habari alisema maneno matano yamejibiwa, mate ya nini tena. Bi Tema hakubishana naye. Alimwambia Kufuli pembeni kwamba hawezi kumlazimisha kutema, ila asipopata mate yake kabla ya mechi, atasimama mbele ya timu nzima aseme hana imani na kichwa cha kipa.

Nyumbani nako hakukukalika. Kufuli aliishi na mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, ile ya kukanyaga kwa miguu, meza yake imeng'aa kwa viganja vya miaka. Utotoni Kufuli alikuwa halali mpaka aisikie. Mashine ikinyamaza usiku, mtoto alikuwa akiamka na kulia, mpaka majirani wakasema mtoto huyu kanyonya cherehani.

Lakini Alhamisi ile, mama mdogo alipokanyaga tu, kila mshono ulimwingia Kufuli kichwani kama sindano. Alitoka akasimama uani. Akarudi, akakaa kiti hiki, akahamia kile, akafungua kabati akasahau anatafuta nini, akatoka tena. Alikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Ijumaa asubuhi mama mdogo alikuta sabuni ya kufulia kwenye kopo la sukari na sukari imemwagwa kwenye beseni la nguo. Aliitoa sabuni, akalisuuza kopo, akaliacha wazi likauke.

Hakusema neno. Usidhani hakujali. Miaka ya nyuma, Kufuli alipoanza mpira, mama mdogo alimkataza kwa ukali, akasema mwili wa msichana si gunia la mazoezi. Binti alihama, akaenda kuishi kwa rafiki yake, na nyumba ikawa kubwa kama uwanja. Alipokubali kurudi, mama mdogo alimwahidi kwamba tangu siku hiyo hatamwambia tena acha wala usicheze. Na ahadi kwake haikuwa nguo ya kupunguzwa mtu akikonda. Basi akatia maji kinywani. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya kushona namba mpya kwenye jezi za timu, akabeba kikapu chake, akawa anakaa kizingitini na kazi mapajani. Kufuli alimpita pale mara nyingi, akiingia na kutoka, na hakuuliza.

Jumamosi ikafika. Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya misuli na kelele ilikuwa ya soko. Kufuli alikaa kwenye kona, karanga zinakwenda, moyo nao unakwenda. Komeo alipita akamwambia kwa namna anavyotafuna, meno yatakwisha kabla ya kipindi cha pili. Halafu akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, lakini haitaki kwa njia ya jeneza. Kufuli alimwambia aende zake.

Ndipo akaikunjua jezi yake. Ilikuwa safi, imepigwa pasi, na namba moja mpya mgongoni. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa namba, kama alivyozoea, maana mshono wa mama mdogo ulikuwa ukijulikana: umenyooka, mdogo mdogo, kama mstari wa sisimizi. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa mrefu hapa, mfupi pale, umepinda kwenye kona. Ulikuwa mshono wa mkono. Akachukua jezi ya jirani yake akaitazama, nayo vilevile. Akatazama na ya tatu. Timu nzima imeshonwa kwa mkono, na fundi ana cherehani nzima nyumbani.

Akakumbuka basi, kwa shida, kama mtu anayevuta ndoo kisimani, kwamba tangu Ijumaa asubuhi hakuisikia ile mashine. Alidhani ni kichwa kimepata nafuu. Kumbe ni mtu aliyekuwa amekaa kizingitini, macho yake yale ya kuazima miwani, anajichoma vidole ili mwingine apumzike.

Kufuli alitema karanga kwenye kiganja. Akamwaga na zile za mfukoni kwenye pipa, akaitia na chupa ya maji humo humo, akaenda kwa Bi Tema.

Mama mdogo alikuwa humo chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda na kikapu chake kitupu, anasubiri kurudishiwa mifuko ya jezi. Vidole viwili alikuwa amevifunga kitambaa. Kufuli alimwamkia, shikamoo ikatoka kama mtu mwenye mafua, akakaa chini sakafuni karibu na miguu yake. Akasema yuko tayari kutema. Nusu saa ile waliimaliza pamoja, wote watatu, Kufuli akikalia mikono yake ili isihangaike, nje watu wakianza kujaa na filimbi zikijaribiwa.

Muda ulipofika, mate hayakuwepo. Kinywa kilikuwa kikavu kama chaki. Alijaribu, akajaribu tena, kichupa kikabaki kitupu, na machozi yakaanza kuja kutoka mahali ambapo hayakutakiwa. Bi Tema alisema hofu hukausha hivyo, asione aibu. Afikirie kitu kichachu.

"Siwezi kufikiri kitu, Bi," Kufuli alisema. "Nikifikiri panauma."

Hapo mama mdogo akaweka kikapu chini. Alianza kusimulia ndimu. Si ile kavu ya dukani, alisema, ni ile yenye ganda jembamba, inayong'aa, ukiibonyeza inabonyea. Unaiweka juu ya ubao. Kisu kinaingia, na kabla hujaikata vizuri inakurukia jichoni. Unaifungua, kokwa zimejipanga, maji yamesimama kwenye nyama yake kama umande. Unachovya kipande kwenye chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa. Unakileta mdomoni. Hukiumi. Unakiweka tu, hapa, pembeni mwa ulimi.

Bi Tema alimeza mate kwa sauti. Mama mdogo naye akameza. Kufuli alicheka, na kucheka kulimuuma, lakini kichupa kilijaa mpaka kwenye alama.

Muuguzi alikifunga, akakitia kwenye boksi la barafu. Akasema majibu yatachukua muda, na hata yakija, ni daktari atakayemwangalia. Ila yeye anataka kusikia kwa mwenye kichwa.

Kufuli akayatoa yote. Magoli mawili. Mwanga. Mpira asioukumbuka. Sabuni na sukari, maana baadaye alilikuta kopo limesuuzwa, bado linanukia sabuni, akajua ni mkono wake. Bi Tema alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akasema kwa leo hayo yanatosha, hachezi, akatoka kwenda kumwambia kocha. Mlango ulipofunguka ilisikika sauti ya Komeo akiulizia glavu zake ziko wapi.

Wakabaki wawili. Kufuli aliegemeza kichwa kwenye goti la mama mdogo, upande ule usiouma.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuahidi."

Nje uwanja ulipiga kelele, timu zilikuwa zinaingia. Kufuli alifumba macho mpaka kelele zikapungua.

"Ahadi hiyo nakurudishia," alisema. "Sema ulichotaka kusema."

Mama mdogo alimwekea kiganja juu ya nywele, vidole vilivyofungwa vikiwa vimenyooka visimguse.

"Nilitaka ukae," alisema. "Ukae chini mpaka kichwa kipone. Uninunie mwaka mzima ukitaka, mradi uninunie na akili zako."