Nyota Niliyoibandua

Mashine ya kukausha huchukua dakika arobaini. Ukitoa tano za kupanga foronya na tano za kupumzisha mgongo, zinabaki thelathini, na hizo mwaka ule nilizifanya zangu. Nilikuwa napindua kapu la nguo, nalikalia, namwomba Mungu anifungue macho na akili, kisha natia kidole chini ya mstari.

"Profesa," mwenzangu wa meza ya pili ya pasi aliniambia, "mashuka ya hospitali hayajipigi pasi yenyewe."

"Mashine haijalia bado, shoga."

"Mtu mzima, midomo inakucheza hivyo. Unasoma au unatafuna?"

"Vyote viwili."

Ni kweli midomo yangu hucheza. Nilianza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mmoja, katika darasa la jioni, na sijui njia nyingine. Mwezi wa kwanza mwalimu wetu, kijana mpole wa rika la mwanangu wa pili, alitundika ukutani kadi kumi na tisa, moja kwa kila mwanafunzi, kila kadi ina vyumba kumi na viwili. Ukimaliza kitabu, unabandika nyota ya karatasi ya dhahabu. Vitabu kumi na viwili kwa mwaka. Yeye aliita changamoto. Mimi niliita nadhiri, nikaipeleka kwa Mungu nikiwa nimepiga magoti: nitasoma kila neno, sitaruka, sitadanganya.

Hilo la mwisho lina sababu. Kwa miaka thelathini kanisani nilishika kitabu cha nyimbo kama wenzangu. Jirani akigeuza ukurasa, nami nageuza. Akiinamisha macho, nami nainamisha. Nyimbo zote nilikuwa nazo kichwani, kwa hiyo hakuna aliyenigundua, mpaka Jumapili moja baba watoto aliponinong'oneza, "Mke wangu, kitabu kimesimama kwa kichwa." Tulipofika nyumbani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Wiki iliyofuata nilijiandikisha.

Mwezi wa kumi na mbili ulinikuta na nyota kumi na moja. Sita kati ya hizo ni za vitabu vyembamba vyenye picha kubwa, na simwombi mtu radhi. Cha kumi na mbili nilikichagua mwenyewe kabatini: riwaya ya mkunga anayeshtakiwa kwa kifo asichokisababisha, kurasa mia tatu na nane. Kinyozi, anayekaa dawati la mbele yangu, alikipima kwa mkono.

"Mama, hiki ni cha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Chukua chembamba, mwaka unakimbia."

"Uache ukimbie. Mimi natembea."

Yeye alikuwa amejaza vyumba vyake vyote tangu mwezi wa kumi.

Wiki moja kabla ya darasa kufungwa, mwalimu aliniita pembeni. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mia mbili arobaini na sita.

"Mama, Alhamisi wanakuja wageni wa ofisi ya elimu. Wakiukuta ukuta umejaa, huenda wakatuongezea mwaka mmoja wa darasa. Kadi yako tu ndiyo yenye pengo. Soma sura ya mwisho, unieleze ilivyoishia, inatosha."

"Nimebakiza kurasa sitini na mbili, mwalimu."

"Hakuna atakayejua."

"Mwanangu, kwa hilo la hakuna atakayejua nimeishi miaka thelathini. Sirudi huko."

Alirudi mezani kwake, nikadhani yamekwisha.

Alhamisi nilifika na kuikuta nyota ya kumi na mbili imeshabandikwa kwenye kadi yangu, imenyooka vizuri kuliko zote nilizobandika mwenyewe. Nilisimama mbele yake. Kusema kweli, ilipendeza. Nikasali sala fupi, maana wageni walikuwa tayari wanashuka garini, kisha nikaingiza ukucha chini ya ncha moja na kuibandua.

"Mama, tafadhali," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Ichukulie kama zawadi."

"Zawadi napokea. Hii inasema nimesoma, na sijasoma."

Niliibandika ndani ya jalada la kitabu changu na kwenda kukaa.

Wageni walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mama mwenye miwani. Aliukagua ukuta kadi baada ya kadi, akafika kwenye yangu.

"Na hapa pana nini?"

Mwalimu alikohoa. Nilisimama. "Ni pangu. Kitabu sijakimaliza."

"Mwaka umebakiza siku chache, mama."

"Utaisha. Mimi nitaendelea."

Alinitazama. "Unaweza kutusomea kidogo?"

Nilifungua pale nilipofika, nikatia kidole chini ya mstari, midomo ikacheza mbele ya watu wote. Mkunga alikuwa amesimama mbele ya hakimu, anaulizwa nani alimfundisha kazi. Neno moja lilinikwamisha mara mbili. Nikarudi nyuma nikalishika upya mpaka likatii. Nilisoma hadi mwisho wa ukurasa, nikaishia hapo.

"Kisha?" aliuliza yule mama.

"Sijui. Ndiyo maana hapana nyota."

Hapo kinyozi akainuka, akaenda ukutani akikuna kisogo, akabandua nyota yake moja. "Na mimi kile cha kufuga kuku nilitazama picha tu," alisema. Darasa likacheka, na mgeni akavua miwani akafuta macho. Mwalimu hakucheka. Jioni ile tuliondoka bila yeye kuniaga, na hilo liliniuma, maana nampenda kama mwanangu. Lakini nyota sikuirudisha.

Kurasa sita za mwisho nilizisoma tarehe nane ya mwezi wa kwanza, juu ya kapu langu. Mashine ikalia nikiwa nimebakiza mbili. Nilifunga kitabu ili nisimame.

"Unakwenda wapi?" mwenzangu aliuliza. Pasi yake alikuwa ameisimamisha; siku zote hizo nilikuwa namsimulia kidogo kidogo.

"Mashine imelia."

"Iache ilie. Huyo mkunga ametoka au hajatoka? Na usome kwa sauti, hiyo midomo peke yake hainisaidii."

Nikakaa. Nikamsomea mpaka neno la mwisho, kisha tukamshukuru Mungu, mimi kwa maneno, yeye kwa kuvuta kamasi, na mashuka ya hospitali yakasubiri.

Barua ya kutuongezea mwaka ilifika wiki ya tatu ya mwezi huo. Jioni ya kwanza ya darasa nilikwenda moja kwa moja ukutani. Gundi ya nyota ilikuwa imejaa vumbi la pamba, haikushika tena, nikaikaza kwa pini tunayobania namba za nguo kazini. Ilikaa upande.

Mwalimu alikuja akasimama karibu yangu.

"Kadi hiyo ni ya mwaka jana, mama."

"Najua."

Alitazama pini. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Niandike tarehe gani?"

"Ya kweli," nilisema. "Tarehe nane, mwaka huu."