Stovu ya Jumamosi

Tangu funguo za sinagogi zihame kutoka mfukoni mwa Kiprugut hadi kiunoni mwa Odero, Kiprugut hakuonja siku njema. Wivu ulimkaa rohoni, wala hakujisumbua kuuficha. Odero akipita na funguo zake zikilia, Kiprugut aligeuka akatema mate kwenye maua.

Na kwa nini asione wivu? Yeye alikuwepo kabla jengo halijakuwepo. Wayahudi wa Nakuru walipokuwa wakisali katika chumba cha kulia cha hoteli, wengine wakishuka na magari yenye matope kutoka Dundori, ni yeye aliyewapangia viti. Wakajenga. Rabi wa kwanza akaja, akaenda; wa pili akaja, akaenda; Kiprugut akabaki. Sasa, mwaka huu wa 1957, wameletewa Rabi Asher kutoka Uingereza, kijana wa ndevu nyekundu, na hata wiki mbili hazijaisha ameamua kwamba mwenye funguo awe mtu anayejua kusoma na kupokea simu. Odero alijua vyote viwili. Kiprugut akakabidhiwa makasi makubwa ya kukatia ua, pamoja na agizo la kumfundisha mwenzake kazi.

Alimfundisha. Alimwonyesha taa isiyozimwa mbele ya sanduku la Torati, akamweleza kwamba kitabu cha sala kikianguka huokotwa kikabusiwa. Kitu kimoja tu alikimeza.

Siku ya Sabato Wayahudi hawawashi moto, na desturi ya hapa ilikuwa kwamba hata kumwagiza mtu mwingine awashe, hawamwagizi. Kuni zilipangwa kwenye stovu Ijumaa, kiberiti kikawekwa juu yake, na Jumamosi kazi ya Kiprugut ilikuwa kuelewa. Rabi wa kwanza alikuwa akisugua viganja. Wa pili alitazama dirishani akasema tu kwamba leo mlima Menengai umejifunika wingu. Kabla hawajamaliza, Kiprugut alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya stovu. Hiyo elimu hakufundishwa na mtu. Aliipata kwa kuwatazama watu miaka kumi na mmoja. Odero na shule yake aitafute mwenyewe.

Jumamosi moja ya Julai kuliamka baridi ya kukata mifupa. Kiprugut alikuja na makasi yake akajichagulia ua ulio chini ya dirisha, ingawa alikuwa ameukata Alhamisi. Ndani, Rabi Asher alisugua mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba asubuhi hii kuna baridi kali.

"Kweli, bwana, kuna baridi," Odero akajibu kwa adabu, akabaki amesimama mlangoni.

Kiprugut nusura acheke kwa sauti. Wakichoka kutetemeka watauliza yuko wapi, na funguo zitarudi kwa mwenyewe.

Ndipo alipomwona Memsaab Rivka kwenye viti vya wanawake. Ajuza huyu alikuwa ametoka hospitali Jumanne, nimonia nusura imwondoe. Ndiye aliyempeleka Jelagat, mke wa Kiprugut, kujifungua kwa gari lake la maziwa, mvua ikimwagika, barabara haionekani. Alikuwa akikohoa. Makasi yakasimama. Bado kidogo tu, Kiprugut akajiambia, wacha kwanza waniulizie. Rivka akakohoa tena, midomo imekuwa ya kijivu, macho ameyageuzia dirishani. Kidogo tu, akajiambia, na roho ikamsuta, na bado hakuondoka.

Rabi Asher akafunga kitabu. Sasa ananitafuta, Kiprugut akawaza.

Rabi hata hakutazama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye stovu, akapiga magoti na shela yake nyeupe ya sala, akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka. Hakuna aliyenung'unika.

"Uhai wa mtu unatangulia Sabato," alimwambia Odero, aliyekuwa amekuja mbio kupuliza.

Kiprugut aliduwaa na makasi mkononi. Miaka yote hiyo aliamini kwamba bila yeye watu hawa wangekaa kwenye baridi mpaka wafe. Kumbe penye uhai wa kuokoa, yeyote kati yao angewasha. Siri yake haikuwa na thamani yoyote, na alichofanya nayo ni kumwacha mama mgonjwa akikohoa.

Sala zilipokwisha Odero alitoka na masizi mikononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mzee, ungeniambia tu," akasema. "Ningewasha."

Nyuma yake akaja Memsaab Rivka na fimbo yake. Alisimama kando ya ua uliokatwa mara mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha kuungaunga, lakini Kiprugut hakuwahi kushindwa kukielewa.

"Kiprugut," akasema, "mimi naona wewe dirishani. Mimi nangoja wewe."

Kisha akaenda zake polepole, na Odero akamfungulia lango.