Mikono ya Saida

Asubuhi jua linaingia kwetu kwa matundu ya bati. Linaanguka juu ya mkeka punje punje, na vumbi linapanda ndani yake polepole, kama linaloota. Wewe, Saida, mtoto wa binti yangu, unanyoosha mkono ulishike. Unafumba kiganja, unafumbua, unanitazama. Swali limekujaa usoni, na huna neno la kuliulizia.

Miaka miwili na miezi mitatu, mke mwenzangu, na neno lako lilikuwa moja: mm. Mm ya uji, mm ya usingizi, mm ya kilio kirefu tusichojua kinataka nini.

Shangazi yako Maimuna akaja na la kwake. "Mama, kimeo kimemziba koo huyu. Mwezi ukiandama nampeleka kwa fundi akikate. Mara moja tu, wala hatajua." Baba yako hakumpinga dada yake.

Mjomba wako Iddi alikatwa kimeo akiwa mdogo kama wewe, na aliyemshika kichwa ni mimi. Mimi, mama yake. Damu haikukatika siku mbili. Mikono iliyombana ni hii hii.

Basi hii hii nikaipa kazi nyingine.

Nilikupeleka zahanati, nesi akapiga makofi nyuma ya sikio lako, ukageuka. "Anasikia, bibi. Msimkate kitu. Mwoneshe kwa mkono huku unasema, kisha umngoje."

Kungoja nakujua. Nikakusanya vidole vitano mdomoni: kula. Nikakunja kiganja kama kikombe: maji. Ncha za vidole zikagusana: tena. Neno na mkono vilitoka pamoja, taratibu, nami nimechuchumaa macho yetu yalingane. Kisha kimya. Uji ukipoa, upoe. Sema kwa mkono, mke mwenzangu, mdomo utafuata.

Mama yako Mwahija alinikuta nikipunga mikono, akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mama, umekuwa trafiki? Malori ya Lindi yako barabarani huko!" Acha acheke. Kesho yake nilimwona jikoni, amekuchuchumalia, vidole vitano mdomoni.

Siku zikapita, laini, zote zikifanana. Halafu siku moja kikombe kikawa kitupu, na vidole vyako vilivyotapakaa uji vikasogeleana, vikagusana. Tena. Nikakujazia mpaka ukamwagika. Sema kwa mkono, mke mwenzangu, mdomo utafuata.

Mwezi ukaandama. Maimuna akaja na khanga safi ya kukubebea.

"Mama, mnamfunza ububu! Mtoto kila kitu vidole!"

Wewe ukamtazama. Ukamwita kwa kiganja, ukapapasa mkeka: kaa. Naye, kabla hajajijua, akakuinulia mkono: ngoja kidogo. Maana sisi wanawake wavua pweza, tukiwa mwambani, upepo hutupokonya maneno, tunasemezana kwa mikono tangu usichana. Maimuna akautazama mkono wake uliobaki juu, kama ni wa mtu mwingine.

"Ah," akasema. Akakaa. "Haya, mwanangu, wasemaje?"

Ukakunja kiganja. Akakuchotea maji. Ukanywa yote, ukagusanisha vidole, na chini ya vidole, hafifu kama pumzi ya aliyelala, ikatoka: "Te."

"Te nini, Mama?"

"Tena," nikasema.

"Tena," akasema naye, kwa mdomo na kwa vidole. "Te," ukamjibu, ukamnyooshea kikombe, ukishangaa huyu mtu mzima anaelewa polepole namna hii.

"Kimeo kikae kilipo," Maimuna akasema. "Nitaongea na kaka yangu."

Alikubeba mgongoni kwa khanga ile, tukashuka pwani sote. Maji yalikuwa yamekupwa, jua limelala juu ya tope mpaka mbali, tope lote linang'aa. Akakushusha. Ukanyoosha kidole kwenye mng'ao ule, midomo yako ikikusanyika. Nasi wawili, magoti yakilia, tukachuchumaa pembeni yako, tukangoja.