Betri Niliyoianika Juani

Nimeua betri ya nyumba yangu, na zimebaki wiki tatu binti yangu Jeanine afanye mtihani wa Serikali. Haikuibiwa wala haikupigwa na radi. Niliiua mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, kama ni nyingi.

Hapa Kabambare nilikulia kwenye mwanga wa mawese, utambi ukiwaka katika kibakuli. Baadaye ikaja koroboi ya mafuta ya taa, ikatujaza masizi puani. Kisha tochi. Mawe ya tochi yakichoka, tuliyaanika juani, nayo yakapata nguvu ya siku mbili tatu. Kazi hiyo niliijua kuliko hesabu. Hesabu nilimwachia mwalimu nikiwa darasa la nne.

Mwaka jana tuliweka sola: pano ya kunasa jua juu ya bati, betri ndani, taa mbili. Jeanine akawa anasoma jioni bila kukohoa. Mwezi huu mvua ilinyesha siku sita mfululizo, taa zikafifia. Siku ya saba jua likatoka.

"Papa, tuache pano ifanye kazi," Jeanine alisema akienda shule. "Kesho itakuwa sawa."

Lakini mimi ni baba, na mtihani ulikuwa karibu. Nilichomoa nyaya, nikapanda ngazi, nikailaza betri juu ya bati la moto.

Jirani yangu Placide alipita na baiskeli.

"Papa Jeanine! Muhogo gani ule mweusi unaanika?"

"Iko betri. Naiongezea nguvu."

"Eh! Na pano iko na kazi gani?"

"Pano inaipa jua kidogo kidogo. Mimi naipa yote mara moja."

"Mungu akusaidie, injinia!" Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Saa nane mke wangu Ernestine alirudi kutoka shambani, akatazama juu. "Ni nani aliweka mutungi pale?"

Betri ilikuwa imevimba kama mimba ya miezi saba. Nilipoishika kuishusha, ikapasuka ubavuni, ikanitemea maji makali. Bati likaliwa, na suruali ikatoboka mahali ambapo sitapataja.

Jeanine aliporudi kutoka shule hakulia. Heri angelia. Aliitazama betri, akanitazama mimi.

"Papa, sasa nitasomea wapi?"

Ernestine alijibu kwa niaba yangu, maana mimi nilikuwa bado ninajimwagia maji: atasomea kwa shangazi yangu Julienne, ng'ambo ya mto, ambako taa bado zinawaka kwa sababu hakuna mwanaume nyumbani.

Basi hasara ni hii. Betri moja, iliyokuwa mbuzi wawili na magunia matatu ya mpunga. Bati moja. Suruali moja. Na kila jioni Jeanine atatembea nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kwa siku ishirini na moja: saa ishirini na moja za masomo zitaishia njiani.