Jina Nililolifuta

Hapa Casavatore ukipiga chafya jikoni, jirani wa ng'ambo anakuombea afya kabla mama yako hajageuka. Tumebanana hivyo mlangoni mwa Napoli, na hata majina hayatutoshi: akina Gaetano Russo nawajua saba, wawili wanapanda ngazi moja nasi. Ndiyo maana tangazo la msiba likibandikwa ukutani, chini ya jina la ubatizo huwekwa la utani. Bila hilo hujui nani kafa.

Matangazo hayo nayapanga mimi, kwenye duka la uchapaji. Jumanne akaingia Bi Titina, mjane wa tangu alfajiri, na karatasi mkononi: Gaetano Russo, aitwaye Kizibo.

Kizibo nilimbatiza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne siku alipokwama na gari lake kichochoroni, ukuta huku, ukuta huku, nyuma yake gari la bibi harusi likipiga honi. Nilimwita Kizibo toka roshanini, mtaa mzima ukacheka, na tangu hapo hata padri alimwita hivyo. Nikajiona bingwa.

Bi Titina akanisimulia, bila kuulizwa, kwamba siku ile alikuwemo garini, katoka hospitali kupasuliwa nyonga. Mumewe alitaka kumshusha mlangoni asitembee.

"Lakini jina alilizoea," akasema. "Liandike kubwa, mwanangu."

Nikaitikia. Alipotoka nikalitazama neno lile kwenye kompyuta, masikio yakiniwaka, nikalifuta. Nikajidai namtunzia marehemu heshima. Uongo mtupu. Sikutaka kulisoma kila kona ya mji.

Kesho yake kanisani tulikuwa tisa, wabeba jeneza wakiwemo. Mtu ambaye hakuweza kufuata mkate bila kusimamishwa na watu ishirini! Padri akasubiri robo saa, akakohoa, akaanza. Nikachomoka hadi baa ya jirani. Imejaa. Kinyozi Rafele, aliyecheza karata na marehemu kila jioni, anakoroga kahawa. Nikamwuliza mbona haji mazikoni.

"Ya Russo yule fundi bomba? Simjui sana."

"Ni Kizibo."

Kijiko kikamdondoka. "Tangazo kaandika nani?"

Wote wakanigeukia. Kazi yangu wanaijua. Wakatoka mbio, wengine na aproni zao, wakakuta jeneza linaingizwa garini.

Bi Titina alikuwa amesimama mbele ya tangazo, ukutani mwa kanisa, akilisoma kwa mara ya kwanza.

"Ulisahau, mwanangu?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi.

"Sikusahau. Jina lile nililianzisha mimi, Bi Titina. Nikaona aibu."



"Ungeona aibu peke yako," akasema. "Kwa nini umnyime watu wake?"

Akapanda gari, akafunga mlango mwenyewe.